Mtoto keshasoma, nani kamuuliza?

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo hapa Zanzibar, na mpaka leo kila mwaka tunaiadhimisha, matamasha, michezo, hotuba, watoto na fulana zao. Sasa mwezi huo huo wa tisa hebu fungua magrupu ya wasap ya wazazi uone. Tuisheni ya asubuhi kwa wanaoingia skuli mchana, tuisheni ya jioni, tuisheni ya Jumamosi, fotokopi za pepa, kambi ya darasa la sita kila mtoto aje na mchele wake na hela ya umeme. Na mzazi anatoa, mana hakuna anaetaka aje aambiwe mwanawe kaanguka kwa sababu ya elfu kumi. Mie siwalaumu wazazi, na walimu wa tuisheni pia siwalaumu, wengi wanasomesha kwa moyo na mshahara tunaujua unavyofika mwisho kabla ya mwezi. Nna neno moja tu na ntalisema mapema, asie na muda asome hapa aende zake: hawa watoto wetu masaa ya kusoma wanayo mpaka yanawazidi. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza daftari limefungwa, wakajibu, wakakosea, wakarekebishwa, na baada ya siku kadhaa wakaulizwa tena kile kile. Na hilo halina ada.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mitihani yenyewe, mana kuna wazazi wanaichanganya. Darasa la nne, darasa la sita na kidato cha pili ni mitihani yetu wenyewe, ipo chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar. Kidato cha nne na kidato cha sita ni NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, pepa ile ile anayoifanya mtoto wa Mwanza na wa Songea. Wa darasa la sita ndo unaowakosesha watu usingizi kwa sababu matokeo yake ndo yanaotoa watoto wa skuli za vipawa na za michepuo, zile za waliofaulu vizuri zaidi, na mitaani mwetu mtoto kuchaguliwa michepuo ni habari ya kupigiwa simu mpaka Maskati. Wa kidato cha pili ni mchujo. Wa darasa la nne wengi wanaudharau, na wanakosea, mana pale ndo unaona mapema mtoto hajui kusoma vizuri na bado kuna muda wa kufanya kitu.

Haya, sasa ichukue siku ya mtoto wa darasa la sita wa Mwanakwerekwe au Chumbuni. Saa 11 alfajiri kaamshwa, kasali, saa 1 na nusu yupo skuli, mchana anarudi anakula wali huku anavaa kanzu, saa 8 yupo chuoni kusoma Qur-ani, akitoka chuoni tuisheni mpaka magharibi, baada ya isha daftari tena, saa 5 usiku ndo anawekwa kitandani na kichwa kinamuanguka toka saa 3. Hesabu: saa 5 mpaka saa 11 ni masaa 6. Madaktari wa mambo ya usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anataka masaa 9 mpaka 12, na kijana wa miaka 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10. Na usingizi hapa hauhusiani na uvivu, ukilala ndo ubongo unakipanga ulichokisoma mchana kikakaa, ukimnyima mtoto usingizi ili asome zaidi unamsomesha kwa mkono wa kulia na unamfutia kwa wa kushoto. Kwa hiyo mtu akinambia mwanangu aongezewe kipindi kimoja cha usiku, swali langu ni kipindi hicho kinatolewa wapi, mana siku ya Mwenyezi Mungu haikuongezwa.

Tena ndani ya hayo masaa ya tuisheni mtoto anafanya nini? Nenda kasimame dirishani siku moja. Mwalimu yupo ubaoni anakokotoa hesabu, mstari kwa mstari, mwandiko mzuri, watoto arubaini wananakili. "Mmefahamu?" "Ndioooo mwalimu." Basi, hesabu nyengine. Na kweli wamefahamu, ndo ubaya wake, mana ukimuona mtu anakokotoa vizuri mbele yako kila hatua unaiona ina maana na unajihisi na wewe unaweza. Mtoto anarudi nyumbani na daftari limejaa, mama anafungua anaona wino mweusi kurasa ishirini, roho inatulia. Lakini kitu alichofanya mtoto kwa masaa mawili ni kunakili. Kile ambacho mtihani utamtaka akifanye, yaani akae peke yake na karatasi tupu akitoe kichwani, hajakifanya hata dakika moja.

Hili si langu, limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo kikuu wakawapa matini fupi wasome. Wengine wakaisoma tena mara ya pili, wengine wakaambiwa wafunge waandike wanachokumbuka, bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele, walikumbuka kama asilimia 81 na wenzao 75. Mtu akiishia hapo atasema si unaona, kusoma tena na tena ndo dawa. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliosoma mara mbili wakawa wamebaki na asilimia 42, na waliojiuliza wenyewe wana 56. Na kwenye jaribio lao jengine, waliorudia kusoma ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hiyo sehemu ya mwisho ndo inaonitia khofu zaidi kuliko zile asilimia, mana hata ukimuuliza mtoto mwenyewe "uko tayari?" atakwambia niko tayari, na hasemi uongo, anaamini kabisa.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho tunacho majumbani mwetu miaka na miaka na hatukioni. Chuoni. Mtoto wa miaka saba ambae Kiarabu cha kuombea maji hana anaisoma Juzuu Amma kwa moyo haangalii popote. Alifikaje pale? Maalim anamsomea, anamfuatisha, anapewa aya zake aende akazidurusu, kesho anakaa mbele ya maalim msahafu umefungwa anasoma. Akikosea anakatwa pale pale, rudia. Hajazisimamisha hapewi mpya. Na akishapewa mpya zile za zamani hazijaachwa, kuna siku zake za kurudi nyuma, wiki hii Naba-i, wiki ijayo Abasa, na ukizisahau maalim anakujua kabla hujamaliza aya ya tatu. Wenyewe wanaita murajaa. Na wanaohifadhi Qur-ani nzima, wale tunaowaona Ramadhani kwenye mashindano ya kuhifadhi, wanaulizwa pahala popote, jaji anasoma kipande cha aya katikati ya sura na kijana anaendelea, wao muda mwingi wa siku yao unakwenda kwenye kurudia za zamani kuliko kupokea mpya.

Angalia yaliyomo mule ndani: kitabu kimefungwa, anatoa kwa kinywa chake, anasahihishwa papo hapo, haruki, na cha nyuma kinarudiwa kwa kupishanisha siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 kuhusu kusahau, alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, akaona mtu anasahau haraka sana siku za mwanzo na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Maalimu zetu hawakumsubiri Ebbinghaus. Mie sijapata kusikia maalim akasema jamani watoto wapumzike tu mwaka mzima, mwezi wa mwisho tutaweka kambi tuhifadhi juzuu kumi. Angesema hivo wazazi wangemuona kachanganyikiwa. Lakini mwalimu wa skuli akisema tutaweka kambi wiki tatu kabla ya mtihani tumalize silabasi, wazazi hao hao wanachangia mchele.

Najua nitaambiwa nini. Utasema unataka kuturudisha kwenye kukariri, na sasa hivi tumeambiwa mtaala ni wa umahiri, mtoto afahamu atumie, asimeze. Ni hoja nzito na sitaki kuipita juu juu. Ni kweli aya haibadiliki hata herufi, na swali la sayansi kila mwaka linakuja na nguo nyengine. Kwa hiyo kinachochukuliwa chuoni ni utaratibu tu, yale maswali yenyewe lazima yabadilike. Ukimuuliza mtoto "mmea unatengeneza chakula chake kwa kutumia nini" akakutajia mwanga, maji na hewa ya kaboni, bado hujajua kama kafahamu au kameza. Muulize hivi: ule mbirimbi wa nyuma ya nyumba tukiufunika gunia zito wiki mbili utakuwaje, na kwa nini, na kama tutauacha wazi lakini hatuutii maji je? Hapo utamuona anafikiri. Au hesabu. Kanzu Darajani ni elfu 20, muuzaji kapunguza asilimia 15, utalipa ngapi? Elfu 17, watoto wengi wa darasa la sita wanaipata. Sasa igeuze: nimelipa elfu 17 baada ya kupunguziwa asilimia 15, mwanzo ilikuwa shilingi ngapi? Utashangaa wangapi watachukua asilimia 15 ya elfu 17 waijumlishe, wakuletee 19,550. Wanasahau kuwa ile asilimia 15 ilikuwa ya bei ya zamani, na elfu 17 ni asilimia 85 tu ya bei hiyo. Mtoto aliekosea hapo kajua kitu ambacho kurasa ishirini za kunakili zisingemwambia, na wewe mzazi umejua pa kumpeleka.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo kwa maoni yangu ndo linaangusha watoto wengi kuliko hesabu yenyewe. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka hesabati na sayansi kuanzia darasa la tano zisomeshwe kwa Kiingereza. Sina nia ya kuufufua hapa mjadala wa lugha ya kufundishia, huo una mabaraza yake na kelele zake. Nasema tu kwamba mtoto aliekokotoa ile kanzu ya elfu 20 barabara kwa Kiswahili, ukimpa swali lile lile kwa Kiingereza mistari minne anakaa anatafuta namba, anaona 20,000 na 15, anazidisha au anagawa kwa bahati. Mwalimu anaandika sifuri, mzazi anaambiwa mwanao hesabu mbovu, anatafutiwa tuisheni ya hesabu. Tuisheni ya hesabu ya nini, hesabu anazijua!

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fanya kipimo hichi, hakitaki usomi. Chukua swali alilokosa, msomee kwa Kiswahili, kama hujui Kiingereza mtafute kaka yake au binamu akufasirie. Akijibu, tatizo ni lugha. Asipojibu, tatizo ni mada. Ni vitu viwili mbali na dawa zake mbali. Na kama ni lugha, kila siku mpe maswali mawili matatu asikokotoe kabisa, akwambie tu kwa Kiswahili chake swali linataka nini na limempa nini. Mama ambae hakusoma anaweza kulisimamia hilo vizuri sana, tena nadhani ana faida, mana yeye hafahamu kweli kwa hiyo mtoto hawezi kujifanya. Akibabaika unamuona. Pia yale maneno ya kuamrisha kwenye mtihani, ya kutaja, kueleza, kulinganisha, kutoa sababu, kuchora, kwa Kiingereza yake hayazidi ishirini na yanarudi kila mwaka, ayaandike nyuma ya daftari. Nimeona mtoto kaandika nusu ukurasa pahala palipotakiwa neno moja la maksi moja, na swali la maksi kumi kalijibu kwa mstari mmoja.

Tukija kwenye pastpepa, yaani pepa za mitihani ya miaka ya nyuma. Kila mtu anaamini pastpepa na mie pia naziamini, lakini jinsi tunavyozitumia ni kuziharibu. Mtoto anapewa pepa yenye majibu nyuma yake, anasoma swali, anaangalia jibu, anasema aa sawa, anakwenda la pili. Pepa nzima dakika arubaini. Hiyo ni hadithi kaisoma. Pepa ni ya kukaa nayo kwa saa, majibu yako kwa mtu mwengine. Na usimalize pepa zote mwezi wa tano, weka mbili tatu za miaka ya karibuni hazijaguswa mpaka mwisho, zile ndo za kupimia. Jambo jengine, kuna pahala darasa la sita wanafanyishwa pepa za darasa la saba za Bara kwa sababu ndo zinapatikana kwa wingi mtandaoni. Mtaala wao si wetu, na skuli zao za serikali hesabu wanafanya kwa Kiswahili, sasa unampima nini mtoto wa Zanzibar hapo? Za kwetu zinapatikana, muulize mwalimu mkuu, muulize aliemaliza mwaka jana mtaani.

Kwa wenye watoto kidato cha nne mambo ni mepesi zaidi kuyapata, mana pepa za nyuma za NECTA zinapatikana mtandaoni bure, na NECTA wenyewe wanaweka kwenye tovuti yao kitu kingine ambacho kwa nilivyoona wazazi hawakijui na hata baadhi ya walimu hawakigusi: ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na ripoti yake. Mule wanachukua swali moja moja wanasema watahiniwa wangapi walifanya vizuri, wangapi vibaya, na wanakupigia picha jibu zuri na jibu baya la mtahiniwa mwenyewe kwa mwandiko wake. Mtoto akikaa na ripoti moja ya baiolojia kwa jioni moja anajifunza anaesahihisha anataka nini kuliko semina tatu. Na sababu za kuanguka mule zinajirudia mpaka zinachosha: hakufahamu swali linataka nini, Kiingereza kidogo, hana maarifa ya mada. Angalia mbili za mwanzo hizo, hakuna hata moja inayotibiwa na kunakili notsi zaidi.

Hesabati ya kidato cha nne kwa pepa za miaka ya karibuni ina maswali 14 kwa masaa 3: kumi ya sehemu A yana maksi 6 kila moja, manne ya sehemu B yana maksi 10, jumla 100. Dakika 180 kwa maksi 100, yaani maksi moja haifiki dakika mbili, swali la maksi 6 lina dakika kumi na moja hivi. Kijana anaeganda nusu saa kwenye swali la tatu kwa sababu ya ubishi kawapa wenziwe maswali mawili ya mbele. Na D ni kuanzia 30, C ni 45. Maana yake mtoto anaeitwa "hesabu haziwezi kabisa" akiyasimamisha maswali matano tu ya sehemu A barabara, maksi 30 hizo, katoka kwenye F. Kwenye divisheni wanahesabu masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1 mpaka F pointi 5, divisheni ya kwanza inaishia pointi 17. F iliyogeuka D ni pointi moja, lakini C iliyogeuka B na yenyewe ni pointi moja, kwa hiyo kaa na mwanao muangalie ipi iko karibu badala ya kumlazimisha akeshe na somo moja tu kwa sababu wewe unataka awe daktari. (Hili la udaktari sitaki kulianza leo.)

Sasa kuuliza kwenyewe nyumbani. Maswali kumi kwa siku yanatosha, robo saa, dakika ishirini. Matatu ya alichosoma leo, manne ya wiki iliyopita, matatu ya mwezi uliopita au wa nyuma yake. Aliyoyakosa yanarudi keshokutwa. Unasema mie sikusoma ntamuulizaje? Mwambie akate vipande vya gamba la daftari la zamani, mbele swali nyuma jibu, aandike mwenyewe, kuandika swali zuri nako ni kusoma. Wewe unanyanyua kipande, yeye anasoma swali kwa sauti, anajibu, ndo anageuza anajiangalia. Kazi yako ni kuhakikisha hageuzi kabla hajajibu, basi. Akikosea usimpe mwengine ajibu haraka haraka, muache atafute kidogo, ile taabu ya kutafuta ndo inayofanya kazi.

Na wala haitaki meza na taa ya kusomea. Kwa ndugu zetu wa Pemba, miaka mingi karafuu inaiva wakati huo huo mitihani inakaribia, na tunajua mtoto atakwenda shamba tupende tusipende, karafuu ndo ada, ndo sare, ndo sikukuu. Lakini usiku ule wa kuchambua, watu wamekaa duara kwenye mkeka, mikono inatenga karafuu na makonyo, midomo ipo wazi haina kazi isipokuwa umbea. Kuna wakati gani mzuri kuliko ule? Kaka wa kidato cha tatu anauliza, wa darasa la sita anajibu, bibi anacheka akisikia kakosea. Mtu anasafiri na mwanawe kutoka Konde mpaka Chake kwenye gari, robo tatu saa nzima mtoto anachezea simu. Muulize kumi.

Lakini fimbo iweke mbali. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wangu, nikisema muulize mtoto kuna baba atafahamu amuhoji kama polisi, akikosa mawili kofi. Mtoto anaeulizwa na fimbo iko juu ya kabati anajifunza jambo moja haraka sana, kuficha asichokijua, na ukishafika hapo kuuliza kwote hakuna maana tena mana umekusudia ukione asichokijua. Wala usimfananishe na mtoto wa shangazi yake aliechaguliwa skuli ya Lumumba. Kwenye haya maswali kumi kukosa manne ni siku nzuri, kupata yote kumi kila siku maana yake maswali mepesi, yabadilishe.

Tuisheni nzuri zipo, na mtoto aliebaki nyuma kweli, ambae hata kuuliza huwezi kwa sababu hakuna cha kumuuliza, huyo anataka mtu wa kumsomesha upya na hela hiyo ina haki yake. Ila kabla ya kulipa ya mwezi huu nenda kaonane na mwalimu, salamu, heshima, umpe maji baridi kama kuna joto, halafu muulize wiki hii aliwauliza watoto kitu gani cha mwezi uliopita, na mwanao alikosa yapi. Anaejua atakutajia mwenyewe, fulani vipeo bado, fulani ramani anachanganya kaskazini na kusini, mana kawauliza kakaa akasahihisha. Huyo mlipe na ukiweza muongeze. Akikufungulia daftari akuoneshe walipofika kwenye silabasi, ile hela nunua pepa, nunua dagaa, na mtoto saa 3 usiku alale.